Maungo Yaniuma: Pa Kungoja na Pa Kukimbia

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mlioketi kule kwenye ngazi za Ngome ya Lamu, ahsanteni kwa kuitikia mwito. Naona wengine mmetoka Shela kwa miguu, na wengine mmevuka kutoka Manda moja kwa moja baada ya kazi, vumbi la mawe bado liko mashatini. Ni kwa ajili yenu hasa nimekubali kuzungumza jioni hii.

Mimi ni muuguzi. Nimezaliwa Langoni, nikasoma hapa, kisha nikafanya kazi miaka 19 katika vyumba vya upasuaji huko Mombasa kabla ya kurudi nyumbani. Sishiki kisu. Mimi ndiye ninayempokea mgonjwa mlangoni na kumuuliza amekula saa ngapi, ninayesaidia kumgeuza kifudifudi akiwa usingizini, na ninayekuwa mbele yake anapofumbua macho. Nitakayoyasema nimeyasoma kwa walimu wangu na nimeyaona.

Nianze na neno lenyewe. Mgonjwa wa kwetu akija husema, "Maungo yaniuma." Neno hili nalipenda, lakini limebeba mengi. Maungo ni mgongo, maungo ni viungo, maungo ni mwili mzima uliochoka. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomwomba si picha wala si karatasi za dawa. Namwambia: nionyeshe kwa mkono wako. Yuko atakayepapasa kiuno kizima kwa kiganja, kulia na kushoto. Na yuko atakayeanzia takoni, ashuke nyuma ya paja, apite kando ya mguu, amalizie kwenye kidole gumba. Hawa ni wagonjwa wawili mbalimbali, ijapokuwa wote wamesema maungo. Anayepapasa ana maumivu ya mgongo. Anayechora mstari hadi mguuni huenda ana mshipa wa fahamu uliobanwa. Upasuaji ni dawa nzuri kwa huyu wa pili, ikiwa amengoja na nafuu haikuja. Kwa yule wa kwanza, mara nyingi kisu hakimfai kitu.

Hilo ndilo lililonileta. Katika maradhi haya, sisi watu wa visiwani tunakimbia pa kungoja, na tunangoja pa kukimbia. Nimemwona kijana anauza sehemu yake ya mashua ili apasuliwe mgongo ambao ungepoa kwa kutembea. Na nimemwona mtu mzima anafungiwa chumbani siku 3 akikandwa mafuta, na ilikuwa apakiwe botini usiku ule ule. Huyo wa pili ni ami yangu. Nitamfikia.

Kwanza tuelewane mgongo ni nini. Ni pingili 33: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 zilizoungana zikawa mfupa mmoja kati ya nyonga, na zilizosalia ni kifandugu. Kati ya pingili na pingili, huko zinakocheza, pana disiki, 23 kwa jumla. Ukingo wa disiki ni nyuzi ngumu, tabaka juu ya tabaka, zinakwenda mshazari na kupishana kama ukili wa mkeka. Ndani yake ni laini, kama nyama ya dafu changa. Mchana tukisimama na kubeba, maji hutoka humo kidogo kidogo. Usiku tukilala hurudi. Ndiyo maana asubuhi mtu huwa mrefu kuliko jioni kwa sentimita 1 hivi, hata 2. Disiki ya mtu mzima haina mishipa ya damu ya kuilisha katikati. Chakula chake huingia kwa kupenya, na mwendo wa mwili ndio unaosaidia kukisukuma. Mama zangu, likumbukeni hilo atakapokuja mtu kuwaambia mlale kitandani mwezi mzima.

Nyuma ya pingili pana mfereji, na ndani yake imepita kamba kuu ya fahamu kutoka ubongoni. Kamba hiyo haifiki chini kabisa. Huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na kutoka hapo zinaning'inia nyuzi nyingi zinazoshuka miguuni, kwenye kibofu na kwenye njia ya haja kubwa. Madaktari wa zamani walipoziona waliziita mkia wa farasi. Sisi tungesema mkia wa punda, na mwenye kuwatazama punda wetu ufukweni atakuwa ameshaielewa picha.

Mtu akizeeka, disiki hukauka na kupungua kimo. Ni kama mvi. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 tayari walikuwa na disiki zilizoanza kuchakaa. Wa miaka 50, asilimia 80. Wa miaka 80, asilimia 96. Na nawarudia ndugu zangu: hawakuumwa hao. Walikuwa wakitembea na kucheka.

Kijana yule wa mashua ni mkata mawe, pale Maweni. Alinijia na bahasha kubwa. Alikuwa amekopa fedha, akaenda Mombasa kupiga picha ya MRI, na karatasi ikasema disiki zimetokeza mahali 3. Aliponionyesha maumivu yake, akapapasa kwa kiganja. Nikamwambia atembee kwa visigino, akatembea. Kwa ncha za vidole, akatembea. Hana ganzi, mkojo wake ni salama. Lakini macho yake yalikuwa ya mtu aliyehukumiwa, kwa sababu ya karatasi ile. Picha haikusema uongo, ila ilisema mambo ambayo ingeyasema pia kuhusu jirani yake asiyeumwa. Tulimpeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akafundishwa upya namna ya kuinama na kuinua, akapunguziwa mzigo kwa muda. Baada ya miezi 2 alirudi machimboni. Sisemi amepona moja kwa moja. Kazi ya mawe haina huruma, na siku akizidisha humuuma. Lakini mashua yake anayo na mgongo wake haujaguswa.

Hayuko peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwamba ifikapo 2050 watakuwa milioni 843. Katika watu 10 wanaoumwa kiuno, 9 hivi hakuna kitu kimoja unachoweza kukinyoshea kidole ukasema hiki ndicho. Maumivu ni ya kweli, msije mkadhani nasema wanajifanya. Misuli, viungo vidogo vya nyuma, uchovu, usingizi mbaya, wasiwasi wa riziki, vyote huchangia. Mgongo wa namna hiyo hutaka mwendo. Tembea ufukweni hadi karibu na Shela na urudi. Weka chupa ya maji ya moto. Kukandwa kwa mkono mwepesi kunaburudisha, nami sikukatazi. Chuku, yaani kuumikwa, sikugombani nazo, ilimradi wembe ni mpya. Ninachogombana nacho ni sindano ya diklofenaki, dawa ya maumivu, ya dukani kila wiki. Dawa hiyo huchubua tumbo na kuumiza figo, na mwenye presha au kisukari humwumiza zaidi.

Na mnaopanda boti za kasi kwenda Faza na Kizingitini wakati wa kusi, keti tezi, yaani nyuma, usiketi omo, yaani mbele. Omo ndiko chombo kinakopiga maji, na kila pigo huingia kiunoni. Akina mama waachieni nafasi ya tezi, hasa wazee, maana mifupa yao imepungua nguvu na pingili inaweza kubonyea kwa wimbi moja.

Sasa yule anayechora mstari mguuni. Nyama laini ya disiki imepasua ukingo, imetoka nyuma, imekandamiza mzizi wa mshipa wa fahamu. Maumivu yake ni kama moto au shoti ya umeme. Akikohoa au akienda chafya huruka hadi unyayoni. Zamani sababu hii haikujulikana vizuri. Ni mwaka 1934 ndipo madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, walipoandika kwamba kipande cha disiki kinaweza kubana mshipa hivyo na kwamba kukitoa kunaleta nafuu. Upasuaji tunaouzungumzia umetokana na kazi hiyo.

Lakini sikilizeni, hata huyu mara nyingi hungoja. Kipande kile kikishatoka mahali pake, mwili hukiona kama mgeni, ukatuma askari wake kukila kidogo kidogo. Walio wengi hupata nafuu kati ya wiki 6 na 12. Ni wiki ndefu, najua. Usiku mtu hulala kwa kupangilia mito. Hupewa dawa, hufundishwa mikao, hutembea kwa kadiri anavyoweza. Wiki 12 zikipita na mguu bado unawaka, au nguvu za mguu zinazidi kupungua, au maumivu hayavumiliki kabisa, hapo ndipo mazungumzo ya kisu yanapoanza. Pia kwa wazee ambao mfereji wenyewe umebanwa na mifupa iliyoota: yule anayetembea hatua chache miguu ikamlemea, akiinama au akiketi barazani hupata raha, kisha huendelea. Huyo naye upasuaji unaweza kumrudishia mwendo wa msikitini.

Nimesema pa kungoja. Sasa pa kukimbia, na hapa naomba watoto wanyamaze kidogo.

Ami yangu alikuwa nahodha. Aliumwa kiuno miaka mingi, hakujali. Siku moja aliinua nanga, akahisi kitu kimekatika, na maumivu yakamshukia miguu yote miwili. Usiku ule akashindwa kukojoa. Alipokwenda kuchamba, hakuhisi mkono wake mwenyewe. Alimwambia shangazi peke yake, kwa aibu. Wakamletea mkandaji, mtu mwema, akamkanda siku ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Watu wakasema asipelekwe hospitali, atakatwa mgongo apooze. Mimi nilikuwa zamu Mombasa, sikupigiwa simu. Walipomtoa, kibofu kilikuwa kimejaa hadi kitovuni. Alipasuliwa na anatembea, alhamdulillahi. Lakini mkojo wake mpaka leo hutoka kwa mpira, na mambo mengine ya mtu mzima yamekwisha. Nyuzi za mkia wa farasi zikikandamizwa zote kwa pamoja hazingoji. Saa 48 za mwanzo ndizo zenye matumaini makubwa, na kila saa inayopotea inaondoka na kitu. Yeye ndiye aliyeniambia, "Wambie watu. Mimi aibu imenigharimu." Kwa hiyo nimewaambia kwa idhini yake.

Mkojo ukiziba au ukitoka wenyewe, haja kubwa ikitoka bila kujua, ganzi ikiingia mahali panapogusa tandiko mtu apandapo punda, miguu ikilegea: usiku ule ule, boti ile ile. Msingoje pakuche.

Yapo mengine yasiyotaka mbio za usiku ila hayataki kukaliwa. Mgongo unaouma zaidi usiku ukiwa umelala, pamoja na homa, jasho na kukonda, huenda ni kifua kikuu cha mfupa. Ndiyo, kifua kikuu huingia mgongoni. Mwingereza Percivall Pott alikwisha kueleza mwaka 1779 jinsi kinavyoupinda mgongo na kuilegeza miguu. Kwetu Kenya maradhi hayo yangalipo, na dawa zake hutolewa bure katika hospitali za serikali, ingawa hunywewa hadi mwaka mzima. Mgongo wa namna hiyo ukikanyagwa na mtu kwa lengo la kuunyoosha, pingili iliyooza huvunjika. Na mzee aliyewahi kuugua saratani ya tezi dume, au mama aliyetibiwa ya titi, mgongo mpya kwake si uchovu mpaka daktari aseme ni uchovu.

Tuseme sasa umefuata njia yote, na daktari amesema upasuaji. Utapelekwa Mombasa au Nairobi. Kabla hujakubali, muulize kwa adabu na bila woga: ni mshipa upi uliobanwa, na je, picha inakubaliana na mstari niliouchora mguuni? Maana yakipingana, upande wa kushoto unauma na picha inaonyesha kulia, hapo hapana upasuaji bado. Muulize anachotaka kufanya. Kutoa kipande cha disiki ni kazi ndogo, saa 1 hadi 2, na wengi hutoka hospitali baada ya siku moja au mbili. Kupanua mfereji ni kazi ya kati. Kuunganisha pingili kwa skrubu na vyuma ni kazi kubwa, na kupona kwake huhesabiwa kwa miezi. Msichanganye. Nimeona mtu anaogopeshwa na hadithi ya jirani aliyetiwa vyuma 6, kumbe yeye anatolewa kipande kama punje ya kunde. Muulize pia nini kitatokea nisipopasuliwa. Daktari mzuri hakasiriki kwa swali hilo.

Wengi mnauliza kuhusu kupooza. Upasuaji mwingi wa disiki hufanywa chini ya pale kamba kuu inapoishia, kwenye zile nyuzi zinazoelea, kwa hiyo hatari ya kupooza miguu yote ni ndogo. Sisemi haipo. Kuna usaha, kuna damu kuganda mguuni, kuna ngozi ya mfereji kutoboka na maji kuvuja, kuna mshipa kuumia. Na disiki ile ile inaweza kutoka tena, kwa watu kati ya 5 na 15 katika kila 100. Haya utaambiwa na utatia sahihi. Sahihi isiwe ya kusukumwa. Kama Kiswahili cha daktari ni kigumu, mwombe muuguzi akufafanulie, hata mara 3.

Maandalizi huanza wiki nyingi kabla, hapa nyumbani, na ndiyo sehemu iliyo mikononi mwako. Sigara iache angalau wiki 4 kabla. Na kama unaunganishwa mifupa, usiirudie miezi baada yake, maana tumbaku huzuia mfupa kushikana. Vyuma vitalegea, urudi kisuni. Ugoro na tumbaku ya kutafuna ni yale yale. Miraa huendesha moyo mbio na kupandisha presha, na daktari wa nusukaputi lazima aujue ukweli. Usimfiche. Yeye si kadhi, hakuja kukuhukumu, anataka tu kukuamsha salama.

Mwenye kisukari atapimwa kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 3 hivi. Madaktari wengi hupenda kiwe chini ya asilimia 8 kabla ya kumgusa. Sukari ikiwa juu, kidonda hukataa kufunga na usaha hupata mahali. Nimeshuhudia mtu amesafiri kutoka hapa kwa basi, amechangiwa na ukoo mzima, akarudishwa kwa sababu ya sukari. Fedha ya nauli imekwenda, nafasi imepotea. Kama angeanza mwezi mmoja kabla, kwa chakula na dawa zake, angepita. Damu ikiwa chache, mama zangu hasa, itibiwe mapema. Jino bovu, jipu, kidonda cha mguu, vyote vimalizwe kwanza. Na ndugu waende kuchangia damu kabla siku haijafika.

Dawa zako zote ziweke kwenye mfuko mmoja uende nazo, na za miti pia. Dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, huachwa kwa kawaida siku 5 kabla, lakini usiziache kwa ushauri wangu wala wa jirani: mwenye stenti ya moyo, kile kijibomba cha kuuweka wazi mshipa wa damu, akiacha dawa yake ovyo anaweza kufa kabla hata hajafika kisuni. Aliyekupa ndiye atakayekuachisha. Habasoda, tangawizi na kitunguu saumu vya kwenye mchuzi havina neno. Vile vya kunywa kwa vikombe kama dawa vitaje, kwa sababu vinaweza kuongeza kutoka damu.

Kuhusu gharama, hakikisha umejisajili na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, kwamba michango yako imelipwa, na kwamba hospitali imepata kibali cha upasuaji wako kabla hujakata tiketi. Hilo mwachie kijana wa nyumbani anayejua simu, ila umwulize kila siku.

Usiku wa kuamkia upasuaji utaoga kwa sabuni. Usinyoe mgongo nyumbani, wembe huacha vijidonda. Chakula hukoma muda wa saa 6 kabla ya upasuaji, maji matupu muda wa saa 2 kabla, isipokuwa ukiambiwa vingine. Jamaa wasikupitishie sambusa kwa huruma. Tumbo likiwa na chakula, mgonjwa aliyelala hutapika na matapishi huingia mapafuni. Ndiyo sababu nikuulizapo umekula saa ngapi nakutazama machoni.

Na nyumba iandaliwe kabla hujaondoka. Ngazi za nyumba zetu za mawe ni ndefu na zimesimama. Utaweza kuzipanda, lakini si mara 10 kwa siku, kwa hiyo kitanda kishushwe chini. Kitanda cha kamba kilicholegea hakifai. Choo cha kuchuchumaa wiki za kwanza ni taabu: chukueni kiti cha plastiki, kitobolewe katikati, kiwekwe juu. Vyombo vya kila siku viwe kimo cha kiuno. Mama, mbuzi ya kukunia nazi uipe likizo. Mkao ule wa kuinama huku umeketi chini ndio hasa unaobana disiki. Punda usimpande mpaka daktari aseme. Ndoo ya maji wabebe wengine.

Kuhusu swala, niliulizwa tangu mlangoni. Asiyeweza kusimama aswali ameketi, na asiyeweza kuketi aswali kwa ubavu; masheikh waliopo hapa wanalijua hilo kuliko mimi. Sijda ya kuinamisha mgongo wote iache wiki za mwanzo, uswali kitini kwa ishara. Nimewaona wazee wanaoona haya kuketi kitini msikitini. Jamaa zao wawatangulie, wawawekee kiti safuni.

Utakapoamka, mara nyingi moto wa mguu umekwisha, na watu hulia kwa furaha. Ganzi hukawia zaidi. Mshipa wa fahamu hukua milimita 1 hivi kwa siku, na kutoka kiunoni hadi unyayoni ni mbali, hesabuni wenyewe. Utatembezwa siku ile ile au kesho yake. Kutembea ndilo zoezi la kwanza, na ndilo linalozuia damu kuganda miguuni. Kukaa ndiko kugumu: baraza ya kahawa isizidi dakika 20, kisha uinuke. Ukirudi kwa basi, teremka kila linaposimama. Ukirudi kwa ndege hadi Manda, ule mvuko mfupi wa boti mwambie nahodha aende taratibu. Kidonda kisipakwe manjano wala liwa wala mafuta ya bibi. Kikitoa maji au usaha, homa ikipanda, au shavu la mguu likavimba upande mmoja, hospitali. Mambo ya faragha ya mume na mke yana wakati wake pia. Muulizeni daktari waziwazi, maana wengi hunong'onezea mimi ukumbini badala ya kumuuliza yeye.

Bado lipo jambo moja la kuonyesha kwa vitendo. Kijana, wewe wa kanzu ya kijivu, njoo ulale kwenye mkeka huu, chali. Vizuri. Huyu sasa amepasuliwa jana. Mwonapo mgonjwa wenu, msimvute mikono. Kunja magoti yote mawili, mwanangu. Mkono wa kulia uvuke kifua. Sasa geuka ubavu, mabega na nyonga kwa pamoja, kama gogo. Hapana, umetangulia bega. Rudi. Tena. Ndiyo hivyo. Kwenye kitanda miguu ingeteremka sasa, na kiwiko kikisukuma wakati huo huo. Sukuma. Mgongo umenyooka, hukujipinda. Umeketi. Pumua kwanza, usiinuke upesi, kichwa kitazunguka. Sasa simama kwa mapaja.

Umeona? Rudia mara moja, halafu aje mzee yule wa pembeni.